Unataka kuanza kukimbia pekupeku? Soma hapa kabla hujavua raba

MguuWaMeru (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Kila Kili Marathon ikikaribia, ile picha ya Abebe Bikila akikata mitaa ya Roma pekupeku huanza kuzunguka kwenye magrupu ya jogging, na chini yake maneno yaleyale: raba ni biashara ya wazungu, mguu wa Mwafrika hauzihitaji. Wiki chache baadaye baadhi ya walioisambaza wanakuja kliniki wakichechemea. Nafanya kazi ya tiba ya viungo hapa Arusha, na sehemu kubwa ya miguu ninayoishika ni ya wakimbiaji, kwa hiyo nimeona niandike kwa kirefu mara moja.

Niseme mapema: sipingi kukimbia pekupeku. Napinga kalenda mnayotumia.

Tuanze na Bikila mwenyewe, maana ndiye shahidi wenu mkuu. Septemba 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, bila viatu, na hakuna aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo kabla yake. Ni kweli tupu. Lakini alikwenda peku kwa sababu viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri, na miguu yake ilikuwa imezoea ardhi tangu utotoni huko Ethiopia. Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, alishinda tena, safari hii kwa saa 2:12:11, akiwa amevaa raba na soksi, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Picha ya Tokyo haizunguki kwenye magrupu. Sijui kwa nini. (Najua.)

Shahidi wa pili ni ule utafiti wa Harvard. Januari 2010 Daniel Lieberman na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kazi waliyoifanya Marekani na kwenye Bonde la Ufa, Kenya. Waliona kwamba waliokua wakikimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, wakati wengi wa waliozoea raba hutua kwa kisigino. Ukitua kwa kisigino kuna kishindo cha ghafla kinachopanda mguuni mara tu unapogusa ardhi, na ukitua kwa mbele kishindo kile hupungua sana au hakionekani kabisa kwenye mashine. Ni utafiti mzuri. Kampuni ya Vibram, inayotengeneza vile viatu vya vidole vitano, ilichangia sehemu ya fedha zake, na watafiti hawakulificha hilo. Ila soma walichopima: walipima nguvu za kutua. Hawakuwafuatilia watu kuona nani anaumia zaidi. Magazeti ndiyo yaliyomalizia hiyo sehemu.

Kisha mwaka 2013 watafiti wengine wakaenda kwa Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya karibu na Ziwa Turkana, watu ambao wengi wao hawajui kiatu. Wakawakimbiza watu 38 kwa mwendo wao wa kawaida wa safari ndefu. Karibu robo tatu ya hatua zao zilitua kwa kisigino! Kasi ilipopanda sana ndipo wengi wakaanza kutua katikati ya unyayo. Kwa hiyo hata huu wimbo wa "mtu wa asili hutua kwa vidole" hauna msingi wa kutosha. Mwendo, ardhi na mazoea vyote vina sauti.

Sasa tuingie kwenye mguu wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Mguu mmoja una mifupa 26. Ile mirefu mitano inayoelekea kwenye vidole ni myembamba, hasa wa pili na wa tatu, na ndiyo inayopokea uzito wako unapotua kwa mbele. Raba ya kawaida ina kisigino kilichoinuka kwa milimita 10 hadi 12 kuliko mbele. Ukiwa umeivaa miaka 20, kigimbi chako na kano ya kisigino vimezoea urefu huo mfupi. Ukiivua, kila hatua inaivuta kano kuliko ilivyozoea, na kazi iliyokuwa inafanywa na goti na sponji ya raba inahamia kwenye kigimbi, kwenye kano na kwenye ile mifupa myembamba. Sikilizeni vizuri hapo: mzigo haupotei, unahama. Ndiyo maana mwenye maumivu ya goti anaweza kwenda peku, akapata nafuu kweli, akaja humu kutoa ushuhuda, na mwezi unaofuata anauliza dawa ya kisigino.

Na hivi vitu havizoei kwa kasi moja. Ngozi ya unyayo inakomaa ndani ya wiki chache. Misuli inachukua miezi miwili hivi. Kano inataka miezi mingi. Mfupa ndio wenye tabia ya ajabu kuliko vyote: ukiupa mzigo mpya, mwili kwanza unachimba na kuondoa sehemu zilizochoka, ndipo unajaza upya. Kuchimba kunakwenda kwa wiki, kujaza kunakwenda kwa miezi. Maana yake kuna kipindi, kuanzia kama wiki ya tatu hivi, ambapo mfupa wako ni dhaifu kuliko siku uliyoanza, na hicho ndicho kipindi ambacho ngozi imeshakomaa, vigimbi vimeacha kuuma, pumzi ipo, na wewe unasema sasa nimeiva, ngoja niongeze kilomita.

Madaktari wa jeshi walijua hili zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari wanaovimba miguu na kuumwa baada ya kwata na safari ndefu za miguu. Eksirei ilipokuja kugunduliwa miaka 40 baadaye ndipo ikaonekana kwamba wengi wa aina hiyo wana nyufa kwenye mifupa mirefu ya unyayo. Hawakuanguka wala kugongwa, walitembea tu kupita kiasi mapema mno.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, 2013. Walichukua wakimbiaji 36 wenye uzoefu, nusu wakaendelea na raba zao, nusu wakaingizwa taratibu kwenye viatu vya vidole vitano kwa wiki 10, wakawapiga picha za MRI kabla na baada. Kati ya 19 waliobadili viatu, 10 walionyesha majimaji yasiyo ya kawaida ndani ya mifupa ya mguu, ambayo ni dalili ya mfupa kuelemewa. Kati ya 17 waliobaki na raba zao, ni mmoja. Na hao walikuwa na ratiba ya kuwaingiza taratibu! Mwaka uliofuata Vibram ikakubali kumaliza kesi ya wateja Marekani kwa dola milioni 3.75, bila kukiri kosa, kuhusu madai ya kiafya iliyotumia kwenye matangazo.

Basi anayetaka aanzeje?

Anza kwa kutembea. Nyumbani, uani, dukani kununua vocha, tembea peku mpaka isiwe habari tena. Wiki mbili tatu za hivyo. Wakati huohuo fanya mazoezi ya kuinuka kwa mguu mmoja: simama kwenye ngazi kwa mbele ya unyayo, panda juu taratibu, shuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Kama huwezi kufanya 20 kwa kila mguu bila kuyumba, bado huna mguu wa kukimbilia peku. Hili nalisema bila kupepesa macho.

Ukianza kukimbia, ushauri ambao Lieberman na wenzake wenyewe walitoa ni mdogo mpaka unachekesha: wiki ya kwanza usizidi kati ya robo maili na maili moja, yaani mita 400 hadi kilomita moja na nusu, na iwe siku moja ndiyo, siku moja hapana. Halafu usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe uone kilomita 10 utazifikia lini. Mimi huwaambia watu wakimbie mazoezi yao kama kawaida na raba, kisha mwishoni wavue na kumalizia kipande kifupi peku, na kile kipande wakitoe kwenye jumla ya siku hiyo, wasikiongeze juu yake.

Hatua ziwe fupi na za haraka. Usijilazimishe kutua kwa ncha za vidole kama mcheza bale, kisigino kiguse ardhi kila hatua, ila kiguse kwa upole. Kama majirani wanakusikia, unapiga breki kwa mguu.

Mwisho kabisa, ardhi. Watu wanadhani mchanga laini ndio salama. Mchanga laini unakinyonya kigimbi na kuivuta kano kuliko lami. Kwa walio Dar, pale Coco Beach subirini maji yakupwe mkimbie kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, na mkumbuke ufukwe una mwinamo: ukienda upande mmoja tu, mguu mmoja unafanya kazi ya mrefu na mwingine ya mfupi. Nenda na rudi kwenye mstari uleule. Uwanja wa mpira wenye nyasi fupi uliokaguliwa vizuri ni bora kuliko vyote. Lami haina ubaya sana asubuhi, saa nne ikishapita ni kikaango.

Karibuni kwa maswali.

---

Kahawa Chungu

Nimekaa siti ya mbele. Wale wa "nimepona goti kwa kuvua viatu" mko wapi leo?

---

Mzee wa Kukaza

Mleta mada umeandika vizuri lakini umetumia Harvard na Brigham sijui nini kutueleza miguu yetu wenyewe. Babu yangu alikuwa anatoka Same anakwenda Mwanga kwa miguu, peku, na hakuwahi kuona daktari wa viungo maisha yake yote. Mwili wa binadamu uliumbwa bila raba. Hizi nyufa za mifupa ni magonjwa ya kisasa.

---

MguuWaMeru

Mzee wa Kukaza, shikamoo kama ni mzee kweli.

Babu yako alianza mazoezi akiwa na umri wa mwaka mmoja. Mifupa yake ilijengwa ikiwa inakua, na huo ndio wakati mfupa unapokubali kunenepa kirahisi. Alitembea kila siku, wala hakukaa ofisini Jumatatu hadi Ijumaa kisha akaamka Jumamosi kukimbia kilomita 15 kwa sababu grupu limepanga. Ukinipa mtu wa namna hiyo, sina la kumwambia.

Ila tusimfanye babu malaika. Watu wa umri wake waliliwa na funza, na wengi walikuwa na safura bila kujua, maana wale minyoo huingia kwa kupenya ngozi ya unyayo kwenye udongo wenye kinyesi. Kwenye baadhi ya nchi za nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, Ethiopia ikiwemo, kuna watu wanavimba miguu kama matende kwa sababu ya kukanyaga udongo ule peku miaka na miaka, na hakuna mbu anayehusika. Na kama hujapata chanjo ya pepopunda karibuni, kachanje kabla ya kuvua raba.

Kuhusu Harvard, kuna kitu chao utakipenda. Mwaka 2019 kundi hilohilo la watafiti lilipima sugu za nyayo za watu wa magharibi mwa Kenya na za watu wa Boston. Tungetegemea mwenye sugu nene awe hahisi ardhi. Wakakuta anahisi sawasawa na mwenye ngozi laini. Sugu inalinda bila kumfanya mtu kipofu wa mguu, tofauti na soli nene. Hilo ni la babu, mpe.

---

KaptulaNyekundu

Mkuu, mimi nina kilo 94, nataka kupunguza mwili. Nimesikia peku inachoma mafuta zaidi. Nianze moja kwa moja?

---

MguuWaMeru

KaptulaNyekundu, hapana. Kuna utafiti wa Australia wa 2017 uliowafuatilia wakimbiaji 61 kwa wiki 26, baadhi wakiwa na raba za kawaida na wengine wakiwa na viatu vyepesi vya soli nyembamba. Kadiri mtu alivyokuwa mzito ndivyo hatari ya kuumia kwa viatu vyembamba ilivyopanda juu ya ile ya raba za kawaida, na tofauti ilianza kuonekana kwenye kilo 71 na ushee. Nayo maumivu yaliongezeka kwa wavaaji wa viatu vyembamba waliopita kilomita 35 kwa wiki. Wewe tembea haraka, na raba, panda vilima vya mtaani kwako, punguza chipsi. Peku iache kwa kutembea uani. Kuchoma mafuta zaidi ni hadithi, tofauti yenyewe ni ndogo mno kukusaidia.

---

Kijana wa Iten

Habari za Bongo. Mimi ni wa huku Iten, Elgeyo Marakwet, Kenya, nimesoma huu uzi nikacheka kidogo. Wacha niwaambie vile tunaona sisi.

Ni kweli tulikuwa tunakimbia kwenda shule bila viatu. Hatukuwa tunafanya mazoezi, tulikuwa tunakwepa kuchapwa kwa kuchelewa. Viatu vilikuwa vya Jumapili. Lakini ukikuja hapa asubuhi saa kumi na mbili uone makundi yakipita kwa barabara ya murram, utahesabu watu mia mbili na hutaona mguu hata mmoja mtupu. Kila mtu ako na raba, na wengi wako na jozi mbili, moja ya mbio ndefu na moja ya speed. Kijana akishinda pesa yake ya kwanza kitu cha kwanza anatafuta ni viatu vizuri. Mkimbiaji wetu Tegla Loroupe alianza peku na alishinda hivyo akiwa mdogo, lakini New York 1994 alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda ile marathon, hakukimbia peku.

Kile tulibaki nacho kutoka utoto ni mguu wenyewe. Wazungu wanakuja hapa na camera kuuliza siri ya viatu, wanaangalia chini ya mguu badala ya kuangalia miaka.

Kitu kingine: barabara zetu ni udongo, na ikinyesha ni tope. Kutoka huko kuja kwa lami ya mji ni kitu tofauti. Hata sisi tukishuka Nairobi vigimbi vinakaza.

---

Mzee wa Kukaza

Huyu wa Iten kanimaliza.

---

Dada Mwendo Pole

Habari zenu. Niko Dodoma. Nilibadili raba nikanunua nyembamba karibu na nusu marathoni. Wiki ya nne nikaanza kusikia maumivu juu ya mguu, hapo nyuma ya kidole cha pili na cha tatu. Ukibonyeza kuna sehemu moja inauma sana, na jioni panavimba kidogo. Nimepigwa eksirei wakasema hakuna kitu, ni misuli, nikapewa dawa ya maumivu na ya kuchua. Nikimeza dawa naweza kukimbia kilomita tano. Mbio ni wiki mbili zijazo. Nifanyeje?

---

MguuWaMeru

Dada, nakujibu haraka kwa sababu hili ni muhimu: acha kukimbia leo. Usisubiri mbio.

Eksirei ya wiki za kwanza haionyeshi ufa wa namna hii mara nyingi. Ufa ni mwembamba kama unywele, na kinachokuja kuonekana kwenye picha ni ule uvimbe wa mfupa mpya unaojijenga pembeni yake, na huo unahitaji wiki mbili tatu au zaidi. Picha safi kwa sasa haimaanishi mfupa mzima. Maumivu ya misuli husambaa, huwezi kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Ukiweza kuweka kidole ukasema "hapa", juu ya mfupa, na panavimba, tunalichukulia ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Rudi uombe picha ya pili baada ya wiki mbili au tatu, au MRI kama uwezo upo. Usichue hapo mahali. Na usijijaribu kwa kurukaruka kwa mguu mmoja kama wanavyoshauriana kwenye magrupu, unaweza kumalizia kuuvunja.

Dawa ya maumivu inakunyamazishia taarifa tu. Ukikimbia juu yake, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili.

Habari njema ni kwamba mfupa wa pili na wa tatu hupona vizuri, kwa kawaida wiki sita hadi nane, ukivaa kiatu chenye soli ngumu isiyojikunja ya kutembelea. Baiskeli ya kukalia ruksa kama haikuumi, kuogelea pia. Ingekuwa inauma kwa nje, chini ya kidole kidogo karibu na katikati ya mguu, au juu ya tao kwa ndani, ningekuambia nenda hospitali leo hii bila uzito kwenye mguu, maana mifupa hiyo miwili ina damu kidogo na hupona kwa shida.

Nikuulize na jambo la ndani kidogo, na huna haja ya kunijibu hapa. Hedhi inakuja kwa wakati wake? Na unakula vya kutosha kwa kilomita unazokimbia? Mwanamke anayekimbia sana akila kidogo, hedhi ikaruka miezi, mifupa yake inapungua nguvu kimyakimya, na raba yoyote haiwezi kumwokoa. Kama jibu ni ndiyo kwenye kuruka, mweleze daktari. Wengi hawaulizi.

---

Dada Mwendo Pole

Asante sana kaka. Nimejitoa kwenye mbio. Hilo la mwisho nimelisoma mara mbili, nitakuja PM.

---

Selasela

Mimi yangu ni kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani hatua za kwanza ni kama nimekanyaga msumari, nikishatembea inaachia, nikikaa ofisini muda mrefu inarudi. Kuna mtu kaniambia nikitembea peku itapona, mwingine kasema nisiguse sakafu bila ndala. Nani mkweli?

---

MguuWaMeru

Selasela, huo ni ule utando unaofunga tao la unyayo kutoka kisigino hadi vidole. Kwa sasa sakafu tupu ya vigae asubuhi itakutesa bure, weka ndala yenye kimo kidogo kando ya kitanda. Lakini ndala haitibu.

Kuna zoezi ninalolipenda, lilijaribiwa Denmark na matokeo yakachapwa 2014. Kunja taulo, liweke kwenye ngazi chini ya vidole ili vidole viwe vimeinuka. Simama kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia. Panda kwa sekunde tatu, baki juu sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Kumi na mbili, mara tatu, siku moja ndiyo moja hapana. Likiwa jepesi, beba begi lenye vitabu na punguza idadi: baada ya wiki mbili fanya 10 mara nne, baada ya nne fanya 8 mara tano. Litauma kiasi, si vibaya, mradi kesho yake usiwe umezidi. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivi walikuwa mbele sana ya waliokuwa wananyoosha unyayo tu. Baada ya mwaka wote walikuwa karibu sawa, kwa hiyo faida yake ni kufika mapema, na miezi mitatu si wiki mbili, usiniandikie Ijumaa kwamba halifanyi kazi.

Kabla ya yote, shika kisigino chako kwa viganja viwili pande zote na ukibane kama unakamua limao. Kikiuma sana kwa kubanwa pembeni, hiyo siyo shida ya utando, huenda mfupa wa kisigino wenyewe una ufa, na zoezi hili usiliguse. Kapige picha.

---

Mkwe wa Karume

Wakuu, raba nyembamba mpya bei imesimama. Mimi napata mtumba pale soko la Karume, Dar, nyingine bado nzuri kabisa. Na katambuga vipi? Si ndiyo viatu vya asili vyenyewe, soli bapa, havina kisigino?

---

MguuWaMeru

Mtumba sina tatizo nao ila uwe mkaguzi. Weka raba mezani uiangalie kwa nyuma kwenye usawa wa macho: ikiegemea ndani au nje, mwenye nayo wa kwanza kaiacha na mwendo wake, na wewe utaufuata. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, kama imekuwa ngumu kama ubao imekufa hata kama juu inang'aa. Kwa viatu vya soli nyembamba uzee huo si shida sana, maana havina sponji ya kufa.

Katambuga ni kweli ni bapa, ila ni nzito na tairi haijikunji pamoja na mguu, na kwenye jasho mguu unateleza ndani. Kwa kutembea ni viatu bora, Wamasai hawakukosea. Kwa kukimbia kwa kasi ni kujitafutia malengelenge katikati ya vidole.

---

Sukari Juu

Nina kisukari mwaka wa sita, sukari imetulia. Natembea kilomita tano kila asubuhi. Naweza kufanya hii ya peku kwenye nyasi?

---

MguuWaMeru

Mkuu, kwako hapana, hata uani, hata kama hujisikii ganzi. Kisukari kinaua hisia za mguu polepole kiasi kwamba mwenyewe huwa wa mwisho kujua, na mwiba mdogo unaweza kuwa kidonda cha miezi. Endelea na kilomita zako tano na raba yenye nafasi mbele, soksi safi, na kila jioni kagua nyayo kwa kioo. Umuombe daktari wako akupime hisia za mguu kwa ule uzi wa nailoni angalau mara moja kwa mwaka.

---

Mama Wawili

Nimesoma wote. Sisi watu wazima basi tumeshachelewa. Swali langu ni la watoto: wangu ana miaka sita, anapenda kuvua viatu kila akifika nyumbani, na bibi yake anamfokea kwamba atakuwa na miguu ya kupanuka. Nimwache au nimvalishe?

---

MguuWaMeru

Mama Wawili, watu wazima hamjachelewa, mna polepole tu. Mtoto mwache.

India mwaka 1992 madaktari wawili walichapisha kazi yao ya kukagua nyayo za watoto 2,300 wa miaka minne hadi 13. Waliokuwa wakivaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na unyayo bapa. Waliokwenda peku ni asilimia 2.8. Bibi yuko sahihi kwamba mguu utapanuka kidogo, vidole vitakaa mbalimbali, na huo ndio mguu wenye afya. Tatizo litakuja siku ya kumnunulia viatu vya shule, maana vingi madukani ni vyembamba mbele. Mpime akiwa amesimama, jioni, na uache upana wa kidole gumba mbele. Uani ondoa misumari na vipande vya chupa, mpe dawa ya minyoo kila miezi sita, na akienda chooni avae ndala.

Bibi mwambie shikamoo.